Je, Aliyetuma kwa Upendo Ana Hatia?



Mama mmoja mzee wa ukoo wetu alipokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa mjukuu wake aliyeko Jinja. Siku hiyohiyo mwanawe aliyeko Mbale akamtumia uleule. Ulisema kwamba mzee akiamka usiku kwenda haja ndogo na kusimama ghafla, moyo wake husimama papo hapo. Mwishoni uliomba utumwe kwa wote tunaowapenda.

Mama aliogopa. Akaacha kunywa maji tangu alasiri, kisha akaacha na vidonge vya presha, maana ndivyo vilivyomwamsha usiku. Baada ya majuma mawili tulimpeleka kituo cha afya, miguu imevimba, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Tunashukuru, sasa ana nafuu. Mjukuu aliposikia alilia: "Bibi, nilituma kwa upendo."

Ujumbe ule ulikuwa na nusu ya kweli. Mzee akisimama ghafla, presha yaweza kushuka kwa muda mfupi, akaona kizunguzungu na kuanguka. Kwa hiyo akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, tochi karibu, ndipo ainuke. Lakini asiache dawa bila kumwuliza mganga. Na anayeamka usiku akihema, au anayeshikwa na maumivu ya kifua yasiyopoa, asingoje asubuhi, apelekwe hospitali. Jinja na Mbale zote zina hospitali kubwa za rufaa.

Wengine watasema, "Heri kuonya kuliko kunyamaza." Sisi wakimbizi twalielewa neno hilo. Wengi wetu tuko hai kwa sababu jirani alibisha mlango usiku akasema, "Kimbieni!" Ndiyo maana kila onyo twalipokea upesi na kulipeleka upesi.

Lakini tumkumbuke jirani yule. Alisema aliyoyaona kwa macho yake. Tulimjua jina. Tulipomwuliza wanatokea upande gani, alijibu, kisha akakimbia pamoja nasi. Ujumbe wa simu hauna uso wala jina, na ukimdhuru mtu hakuna wa kujibu, isipokuwa yule wa mwisho aliyeutuma. Mama hakumwamini mwandishi asiyemjua. Alimwamini mjukuu wake.

Basi mimi naona hivi: upendo unamwondolea mjukuu uovu wa moyo, lakini haumwondolei wajibu. Anayepeleka neno amekuwa shahidi wake, na shahidi huulizwa, "Umejuaje?" Mwanawe wa Mbale naye aulizwe vivyo hivyo, na sisi sote.

Jioni hii, kabla ya kutuma onyo, tumpigie mzee wetu simu. Tumwulize amelalaje, na kama amekunywa dawa yake. Hilo nalo ni upendo, na halina uongo ndani yake.