Aliyesubiriwa
Ile video ya Nagano, 1998, bado inazunguka mitandaoni. Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa wa kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji, anamsubiri Mkenya Philip Boit, wa mwisho, dakika kama 20 nyuma yake, kisha anamkumbatia. Watu wanatokwa machozi. Mimi huwa inanikera kidogo. Dæhlie alistaafu na dhahabu 8 za Olimpiki. Kwa nini hata jasho la Boit, mkimbiaji aliyeiona theluji ukubwani, ligeuke sifa yake? Wema unaomfunika anayetendewa bado ni wema? Jibu langu lilikuwa tayari, tena kali. Halafu nikakumbuka: Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Sasa mimi namkasirikia nani, na kwa niaba ya nani?