Kaini Alisikizwa, na Damu ya Habili Ikasikizwa

Masomo: Mwanzo 4:8-16, Yohana 7:45-52



Leo nina jambo zito, na naomba unisikize mpaka mwisho kabla hujaamua. Mwezi ujao kuna mtu anatoka jela na kurudi hapa kwetu Kimilili. Wengi wenu mnamjua. Aliua. Mama ya marehemu ni mshirika wa kanisa hili. Mama ya aliyeua pia ni mshirika wa kanisa hili. Miaka yote hii mmoja anaketi upande wa dirisha, mwingine karibu na mlango, na sisi wengine tunaimba katikati yao kama watu wasioona. Wote wawili wamenikubalia nizungumze. Majina sitayataja.

Nimesikia vijana wengine wa bodaboda wamesema akishuka tu kwa matatu watamshughulikia. Na Jumatano baada ya maombi ndugu mmoja aliniuliza, "Pasta, si huyu alihukumiwa kifo? Nani alimtoa?"

Nijibu hilo swali, kwa sababu wengi wanalo.

Alikamatwa mwaka 2005, akahukumiwa kifo mwaka 2008. Nchi yetu haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu ilibaki kwenye vitabu. Mwaka 2009 Rais Kibaki alibadilisha adhabu ya wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kunyongwa, ikawa kifungo cha maisha. Huyu wetu alikuwa mmoja wao.

Kisha tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu, David Maraga akiwa Jaji Mkuu, ikatoa uamuzi katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake. Kifungu cha 204 cha sheria ya adhabu kilisema mtu akipatikana na hatia ya mauaji, ahukumiwe kifo. Basi. Jaji hakuwa na la kuchagua. Aliyeua kwa kupanga miezi mitatu na mwanamke aliyeua mume aliyekuwa akimpiga kila usiku, wote adhabu moja. Majaji wakasema hiyo lazima inavunja Katiba, kwa sababu inamnyima mtu haki ya kusikizwa kabla adhabu haijapimwa. Tafadhali elewa vizuri: hawakusema aliyeua hana hatia. Hawakufuta adhabu ya kifo, bado iko. Walisema tu kwamba jaji asikize kwanza: umri wake, kama ni kosa la kwanza, kama anajuta, kama anaweza kubadilika.

Watu wengi walikasirika. Na mimi pasta wenu nilikuwa mmoja wao. Nilisimama hapa hapa nikasema majaji wa Nairobi wameegemea upande wa wauaji. Mkapiga makofi. Mlikumbuka?

Sasa nitubu mbele yenu. Mwaka 2019 kesi yake ilirudi kortini ili adhabu ipimwe upya. Afisa wa probesheni akatumwa kuuliza maoni ya jamii. Akafika kwangu. Nilikuwa na haraka, nikamjibu nikiwa nimesimama, mkono uko kwa mlango: "Kanisa halimtaki." Dakika mbili hazikuisha. Sikuwa nimeuliza kanisa. Sikuwa nimemuuliza mama ya marehemu. Huyo mfungwa sikuwa nimemtembelea hata mara moja kwa miaka kumi na minne. Majaji walikuwa wameiondoa ile hukumu ya lazima katika sheria, lakini moyoni mwangu ilikuwa bado inafanya kazi.

Twende kwa Neno.

Kaini amemuua ndugu yake shambani. Mungu anajua kila kitu. Hahitaji shahidi, hahitaji polisi. Lakini anaanza na swali: ndugu yako yuko wapi? Kaini anadanganya, anajibu kwa kiburi, na bado Mungu anaendelea kuzungumza naye. Baada ya adhabu kutajwa, Kaini analalamika kwamba ni kubwa kuliko awezavyo kubeba, kwamba yeyote atakayemwona atamuua. Na Mungu anamsikiza. Anamwekea alama, mtu asimuue. Hakumwambia Kaini yameisha, rudi shambani. Adhabu ilibaki: ardhi haikumzalia tena, akawa mtu wa kutangatanga. Lakini mikononi mwa kundi la watu hakumtoa. Vijana wa bodaboda, mnanisikia? Mauaji ya kwanza duniani, na Mungu mwenyewe akakataza watu kujichukulia sheria.

Sasa angalia mstari wa 10, kwa sababu hapo ndipo wengi tunaruka. Mungu anamwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake inamlilia kutoka ardhini. Habili amekufa, hawezi kwenda kwa chifu, hawezi kuandika barua. Lakini sauti yake imefika mbinguni kabla Kaini hajafungua mdomo. Kaini alisikizwa, na damu ya Habili ikasikizwa. Mungu hakumsikiza mmoja kwa kumnyamazisha mwingine. Ukihubiri rehema ukasahau damu, umehubiri nusu. Ukihubiri damu ukakataa kumsikiza mkosaji, pia umehubiri nusu.

Hata Mahakama ya Juu ilirudi kwa jambo hili. Tarehe 6 Julai 2021 majaji walitoa maelekezo zaidi. Walisema uamuzi wao ulihusu mauaji peke yake, kwa sababu wafungwa wa makosa mengine walikuwa wameanza kuutumia. Na katika mambo ya kupimwa wakataja jinsi kosa lilivyotendwa, na maumivu ya mwili na moyo ya familia ya aliyeuawa.

Na Nikodemo, mnamkumbuka? Alikuwa mmoja wa wazee wa Baraza, ile mahakama ya juu ya taifa lake. Wenzake walikuwa wameshaamua juu ya Yesu kabla ya kumwona. Nikodemo akauliza kama torati yao inamhukumu mtu bila kumsikia kwanza. Walimjibu kwa matusi, wakamuuliza kama naye ametoka Galilaya. Swali lake halikujibiwa. Wapendwa, Mwokozi wetu alihukumiwa na watu walioharakisha. Sisi tuliookolewa kwa damu yake, tunawezaje kuwa watu wa kuharakisha?

Usidhani nazungumza juu ya jela peke yake. Kanisa letu nalo lina hukumu zake za lazima. Binti akipata mimba, Jumapili hiyo hiyo anatolewa kwaya. Nani aliketi naye akamuuliza ilikuwaje? Nani aliuliza kama alilazimishwa? Kijana akisemwa ameiba mahindi, kabla mzee wa mtaa hajafika tayari ameumizwa. Mwambie jirani yako: sikiza kwanza.

Nirudi kwa mama ya marehemu. Huyo afisa alipotoka kwangu alienda kwake, akaketi hadi jioni. Mama alikuja kuniambia baadaye, na maneno yake yaliniumiza kuliko mahubiri yoyote. Alisema, "Pasta, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mtoto wangu alikuwa mtu wa namna gani." Kwa miaka kumi na minne! Tulimletea sukari, tulimletea maombi, tulimwambia asamehe. Hakuna aliyemuuliza.

Nikamuuliza, "Mama, ulimwambia nini?" Akasema, "Nilimwambia sitaki anyongwe, kifo chake hakitanirudishia mtu. Lakini sitaki kumwona kwa boma langu kabla hajaniambia ukweli wote, akiniangalia kwa macho." Bado hajasema amesamehe. Na mimi sitamlazimisha. Atakayemsukuma huyu mama aseme "nimesamehe" ili sisi tupumue, anamkosea mara ya pili.

Kwa hivyo tutafanya hivi. Mimi na wazee watatu wa kanisa tutaenda kumchukua mlangoni mwa jela, asipande matatu peke yake. Chifu tumeshamwambia. Hatutampokea kwa vigelegele, na Jumapili ya kwanza hatapewa maikrofoni ya ushuhuda. Ataketi nasi alisikize Neno kama mwenye dhambi yeyote. Siku ya kukutana na mama ataichagua mama mwenyewe, kama atachagua. Na yeyote anayeogopa, aje aniambie. Woga wako nao utasikizwa, sitasema huna imani.

Majaji walifanya sehemu yao: walisema mtu asikizwe. Lakini korti haiwezi kumpa mtu kiti kanisani. Korti haiwezi kuketi na mama jioni baada ya afisa kuondoka. Hiyo kazi imeachwa kwetu, na mimi niliikimbia. Sitaki tuikimbie tena.

Wiki hii kila nyumba ichague mtu mmoja mliyemhukumu bila kumsikia. Pengine ni mkwe, pengine ni mtoto wako mwenyewe. Nenda, keti chini, uliza, halafu nyamaza usikize. Ukimaliza, uliza pia aliyeumizwa.

Tuombe. Bwana, ulituuliza kabla ya kutuadhibu. Sikia mama zetu hawa wawili, wa dirishani na wa mlangoni. Usiache damu ya aliyeuawa isahaulike, wala usiache mkosaji aangamie mikononi mwetu. Unisamehe mimi mtumishi wako niliyejibu nikiwa nimesimama. Tufundishe kuketi. Katika jina la Yesu, amina.