Atakua Navyo

Mtoto alikuwa na miaka sita. Shule ya mtaani kwao, Ottawa, ikaleta karatasi: kuanzia Januari darasa litakwenda kwenye uwanja wa barafu kila wiki, na kila mzazi amtafutie mwanawe helmeti na viatu vya kutelezea. Mama yake ni mzaliwa wa Mombasa, viatu hivyo hakuwahi hata kuvishika. Akaingia duka la mitumba, akapata jozi nyeusi ya hoki kwa bei nafuu, imezidi viatu vya kila siku vya mtoto kwa namba mbili. Akalipa. "Atakua navyo," akasema, kama asemavyo kila mzazi makini anaponunua viatu vya shule au kanzu ya Idi.

Busara hiyo ndiyo iliyomponza. Kwanza, viatu vya hoki huvaliwa namba moja hadi moja na nusu chini ya viatu vya kawaida, kwa hiyo tofauti ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Pili, kiatu cha shule kikimpwaya mtoto, ataburuta mguu na shughuli zitaendelea. Kiatu cha barafu kimekaa juu ya chuma chembamba, upana wake kama milimita tatu, na kinachomsimamisha mtoto juu ya chuma hicho ni ule ugumu wa kiatu unaokumbatia kisigino na kifundo cha mguu. Kikipwaya, kisigino hupanda na kushuka, kifundo hulalia upande wa ndani, na mtoto hujikuta anakanyagia ubavu wa kiatu.

Mama akaziba nafasi kwa soksi, jozi mbili za sufu. Alitaka pia kumkinga na baridi, masikini. Sufu ikabana vidole mpaka damu ikawa haipiti vizuri, jasho likailowesha, na miguu ikapoa kuliko ambavyo ingepoa kwa soksi moja nyembamba. Mtoto akarudi na malengelenge. Baada ya wiki chache akawa haachii ukuta wa uwanja, na watu wazima wakatoa hukumu mbele yake: mtoto huyu ana vifundo dhaifu.

Hapo ndipo habari hii inaponiuma. Mtoto huyo alikuwa akicheza mpira na kukimbia ngazi kutwa. Vifundo vyake havikuwa na kasoro yoyote. Lakini mtoto wa umri ule husadiki anachoambiwa na wakubwa kuhusu mwili wake. Februari, watoto wenzake walipokuwa wakiteleza kwenye Mfereji wa Rideau, ambao majira ya baridi hugeuka njia ya barafu ya kilomita 7.8 katikati ya jiji, yeye alikaa kwenye benchi na viatu vyake vya theluji. Alipoulizwa alijibu, "Miguu yangu haiwezi."

Majira yaliyofuata mama alivipeleka vile viatu vya hoki kwa fundi wa kunoa. Fundi akavigeuza, akapitisha ukucha juu ya chuma, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Chuma kilichonolewa kina makali mawili, kulia na kushoto, na mfereji mdogo katikati. Makali hayo hukwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Ukucha wake ukapita bila kukwaruzika. Kumbe mtoto alikuwa hana hata cha kumshikilia kwenye barafu. Viatu vipya navyo, vingi hutoka kiwandani bila kunolewa, na mzazi asiyejua huvipeleka uwanjani hivyo hivyo.

Kisha fundi akamwonyesha namna ya kupima. Legeza kamba zote, mtoto asukume mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, apinde goti. Nyuma ya kisigino paingie kidole chako kimoja. Vikiingia viwili, rudisha viatu. Binya kiatu usawa wa kifundo: kikikunjika kama kitambaa, kimeshachoka, hata kama kinang'aa. Kamba ziache huru kidogo kwenye vidole, uzikaze sana penye kifundo, halafu uzilegeze tena juu ili goti lipindike. Vile vya vyuma viwili viwili vinavyofungwa juu ya viatu vya kawaida havimfundishi mtoto wa miaka sita chochote, kwa sababu havina makali ya kusukumia.

Mtoto amekubali kuvaa jozi inayomtosha na kutembea nayo kwenye zulia la mpira kando ya uwanja. Barafuni bado hajakanyaga, na mama hamsukumi.

Kuhusu pesa, mama hakukosea kuona uchungu, maana mguu wa mtoto hausubiri mshahara. Duka lile lile la mitumba ndilo lingemfaa: nunua jozi inayotosha leo, ikaushe kwa kitambaa kila mtoto atokapo barafuni isishike kutu, na ikianza kumbana, irudishe uuze au ubadilishane na mzazi mwingine wa darasani.