Nati za Tela na Amri ya Tano



Wapendwa vijana, leo tutafakari kitu ambacho huenda hujawahi kukisikia kwenye mahubiri: nati za tairi. Usicheke kwanza, nisikilize.

Kila Oktoba 14 inapokaribia, wapo vijana wa Musoma na Bunda wanaopanga kwenda Butiama kusali kwenye kaburi la Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, pale Mwitongo. Wengine hupitia Kiabakari, kwenye kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Gari linakodiwa. Mara nyingine nyuma yake linafungwa tela la kubebea viti, turubai, masufuria na spika za kwaya. Rozari inaning'inia kwenye kioo, tunafanya ishara ya msalaba, tunaondoka. Swali langu ni moja tu: nani ameshika wilispana?

Hebu tufungue Mathayo 4:5-7. Ibilisi anampandisha Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajitupe chini kwa sababu malaika watampokea. Tena anatumia Maandiko kumshawishi! Yesu anakataa, kwa sababu kumjaribu Mungu sio imani. Sasa ndugu yangu, kuvuta tela ambalo nati zake hakuna aliyezigusa tangu tairi libadilishwe, halafu tukasema "Mungu atatulinda", kuna tofauti gani na kujitupa kutoka juu ya hekalu?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiondoi maumbile, bali inayakamilisha. Yaani sala haichukui nafasi ya spana. Mungu aliyekupa malaika mlinzi ndiye huyohuyo aliyekupa macho, mikono na akili.

Kwa nini nasema tela hasa? Tairi la mbele la gari likilegea, mara nyingi usukani unatetemeka na dereva anashtuka. Tela halina usukani. Tairi lake linaweza kulegea kilomita nyingi na dereva asihisi chochote. Na likichomoka kwenye lami, halichagui mwenye kosa. Linaweza kumkuta wa bodaboda anayetafuta riziki, mama aliyepanga nyanya zake kando ya barabara, au mtoto anayetoka shule. Watu ambao hata hawakuwa kwenye hija yenu.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la Amri ya Tano, ile inayokataza kuua. Katekisimu, namba 2290, inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Na zamani sana, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, asije mtu akaanguka. Ona jinsi Mungu anavyojali hata ukingo wa paa! Kwa sisi tunaosafiri, nati iliyokazwa ni ukingo huo.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe. Zunguka uangalie: nati zote zipo? Kuna michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati? Hiyo inaweza kuwa dalili kwamba nati inacheza. Kisha chukua wilispana. Usikaze kwa kufuata duara. Kaza kwa msalaba: ya juu, halafu ya chini, ya kushoto, halafu ya kulia. Zikiwa tano, unaruka moja kila mara kama unachora nyota. Hivyo rimu inalala sawasawa. Na ule mtindo wa kusimama juu ya spana na kurukaruka, tuuache. Bolti inavutika, inadhoofika, mwishoni inakatika. Kila gari na kila tela lina kipimo chake cha mkazo, na fundi mwenye spana ya kupimia anaweza kukusaidia.

Kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Tairi likishafungwa upya, nati zinatakiwa zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo. Kwa hiyo tairi lililobadilishwa Bunda, mkifika Butiama likaguliwe, na tena kabla ya kurudi. Sio kwamba fundi alikosea. Mzigo, joto na mitikisiko vinafanya rimu ijikalishe, na mkazo unapungua.

Hapo naomba tusimame kidogo. Kuna kijana anaungama Jumamosi, Jumatano ameanguka dhambi ileile, anajisemea: "Kitubio changu kilikuwa bure." Hapana, rafiki. Msamaha ulikuwa wa kweli. Ila njia ina mitikisiko, na wewe unahitaji kurudi ukakazwe tena. Kurudi ni sehemu ya safari. Na wewe unayejitesa kwa dhambi ambayo Mungu ameshakusamehe, kumbuka ile bolti iliyokazwa kupita kiasi.

Najua mtasema: "Frateri, dereva ni mtu mzima, mimi nitamwambia nini?" Mwambie kwa adabu: "Shikamoo mzee. Samahani, nati za tela zimeangaliwa leo?" Heshima kwa wakubwa haijawahi kukataza swali la namna hiyo. Aristotle anasema ujasiri uko katikati ya woga na kujitia hatarini ovyo. Abiria aliyeona nati imepungua akanyamaza ameangukia kwenye woga. Dereva aliyeambiwa akapuuza ameangukia upande wa pili. Na akikununia, vumilia. Afadhali ununiwe stendi Bunda kuliko kulia njiani.

Hakuna atakayekupigia makofi kwa nati uliyoikaza, kwa sababu hakutatokea kitu cha kusimulia. Mtafika, mtasali, mtarudi. Lakini Yesu katika Luka 16:10 anafundisha kwamba uaminifu wa mtu unaonekana kwenye mambo madogo, na Baba aonaye sirini anaijua mikono iliyochafuka kwa grisi kwa ajili ya wengine.

Kazi ya wiki hii: kila kikundi kimchague mmoja awe mshika wilispana wa safari. Akishazunguka matairi yote, la gari na la tela, ndipo mkusanyike mseme Salamu Maria.

Ee Bwana, utufundishe kukutumainia bila kukujaribu, na kumpenda jirani hata yule tunayempita tu barabarani. Amina.

Safari njema, na Mungu awabariki.