Ugali wa Udongo, Sushi ya Sukari

Chakula cha uongo kikianza kulika, je, bado ni mchezo?

Juzi, chini ya mwembe hapa Kanyenye, tulifungua pakiti ya Popin' Cookin', pipi za kujitengenezea za kampuni ya Kracie ya Japani. Unga, maji, kitrei cha plastiki, moto hakuna. Unadondosha tone la maji ya rangi ndani ya maji mengine, linaganda, linakuwa yai la samaki. Uchawi, bwana! Ikatoka sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki juu, ndogo kama kizibo cha soda. Tamu! Ugomvi ukaanza. Watu wanne, tena wenye ndevu: "Wee, umeshakula kimoja!"

Utotoni tulipika ugali wa udongo kwenye makopo. Mgeni alitafuna hewa, akasema, "Ahsante mama, nimeshiba." Ulitosha mtaa mzima, hata yule mwenzetu ambaye kwao, tulijua fika, jiko halikuwashwa siku hiyo. Alishiba? La hasha! Alikwenda kulala na njaa, na sisi tukajiona wakarimu.

Juzi naye alikuwepo. Kipande cha mwisho alikitia mfukoni, eti cha mwanawe. Nikamwita mwizi.