Kisieni Kwanza, Ndipo Mbonyeze

Wajukuu zangu mnaosoma fizikia, nimefurahi kuona simulesheni zimefika mpaka kwenye simu zenu. Zile za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia, hazilipiwi, na nyingi ukishazipakua hufanya kazi bila intaneti. Shule isiyo na maabara imepata pa kuanzia. Ila nikiwatazama mnavyozitumia, roho yangu haitulii. Mnavuta vitufe huku na kule, rangi zinacheza, mnashangilia, mnafunga. Nikiwauliza mmegundua nini, mnanisomea yaliyokuwa daftarini tangu juzi.

Sikilizeni basi. Kabla hujagusa chochote, andika unachotegemea kitatokea, na sababu yake. Andika kwa wino, usije ukajidanganya baadaye kwamba ulijua.

Chukueni ile ya pendulamu. Uzi una sentimita 25. Ukiurefusha hadi mita 1, muda wa kwenda na kurudi utaongezeka mara ngapi? Wengi wenu mtaandika mara nne. Haya, bonyezeni: kutoka kama sekunde 1 hadi kama sekunde 2. Mara mbili tu! Hapo msikimbilie kanuni ili kuficha aibu. Kaeni na kosa hilo, mbishane, mpaka mmoja wenu aweze kueleza bila kutazama kitabu.

Kisha jaribuni pembe. Mmezoea kuimba kwamba pembe haibadilishi muda. Achieni pendulamu kutoka nyuzi 10, halafu nyuzi 90. Muda unarefuka kwa karibu asilimia 18. Kitabu hakikuwadanganya, kilisema "pembe ndogo", nanyi mkaliruka neno hilo.

Zoezi nilipendalo kuliko yote ni la Sayari X, ambako nguvu ya uvutano imefichwa na ninyi ndio mnaitafuta. Pimeni urefu, pimeni muda, rudini kwenye kanuni. Mtapima mbembeo mmoja au kumi? Pimeni kumi, mgawanye, maana kuchelewa kwa kidole kwenye saa nako kutagawanywa kwa kumi. Kijana aliyelifikia hilo mwenyewe ameshaanza kufikiri kama mwanafizikia, hata kama jibu lake la mwisho lina kasoro.

Na hiyo simulesheni nayo ihojiwe. Imetungwa na watu, nayo hutii walichoiwekea. Ukiweka msuguano sifuri, itabembea mpaka betri iishe. Fungeni jiwe kwenye uzi, litundikeni kwenye fremu ya mlango, mpime kwa saa ya simu. Majibu yakipishana na ya kwenye kioo, ulizeni nini kimeachwa nje: hewa, fundo la uzi, au mkono uliolisukuma jiwe badala ya kuliachia.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, kule Lushoto, aliweka kwenye friji mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alichekwa. Simulesheni ya kawaida ya kupoa kwa vitu nayo ingemwambia amekosea. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaona lafaa kupimwa. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Mpaka leo wapo wanasayansi waliorudia jaribio hilo wakaliona jambo lenyewe, na wapo waliorudia wasilione. Kwa hiyo mkipata friji mwisho wa juma, chukueni vikombe viwili, maji ya moto kimoja na ya baridi kingine. Andikeni makisio yenu kwanza. Halafu mniambie: ni mambo gani mtahakikisha yanalingana kwa vikombe vyote viwili, na mtajuaje kwamba maji yameganda, yakianza kufanya utando juu au yakiwa barafu tupu?