Adabu ya Kusifu Katika Dhiki

Miongoni mwa mambo ambayo Mkristo hufundishwa tangu utotoni, na ambayo mara nyingi huyatamka kwa ulimi kabla moyo haujayafikia, ni kwamba yampasa kumhimidi Mungu katika dhiki kama anavyomhimidi katika raha. Mafundisho hayo ni ya haki, wala siandiki ili kuyapunguza. Ila nimeyaona yakitumiwa pasipo adabu, na nasaha zangu ni juu ya adabu hiyo. Sifa itokayo katika dhiki ni sadaka, na sadaka ina mwenyewe: awezaye kuitoa ni yule aliyefikwa na dhiki, na jirani yake, hata awe mcha Mungu namna gani, hana ruhusa ya kutia mkono mfukoni mwa mwenziwe na kuitoa kwa niaba yake.

Tazama yanayotukia katika nyumba ya msiba. Mama amefiwa na mwanawe. Ameketi mkekani, kanga ameitanda hadi usoni, jeneza halijatoka, na wanawake wa jirani wangali wakikoroga uji uani. Anaingia mtu wa heshima, pengine mzee wa kanisa, mwenye nia njema wala hana hila, na kabla hajaketi anamkataza mama yule kulia, anamkumbusha maneno ya shukrani aliyoyanena Ayubu alipofiwa na wanawe, kisha anaanzisha wimbo wa shangwe huku akimtupia jicho aone kama anaitikia. Mama akiitikia, ataitikia kwa haya. Asipoitikia, kesho itanong'onwa kisimani kwamba imani yake ni haba. Yule mzee amesahau jambo moja, nalo ni kwamba Ayubu aliyanena maneno yale kwa kinywa chake mwenyewe, na hapakuwa na mtu aliyesimama mbele yake kumwamuru.

Rafiki watatu wa Ayubu walipomwendea, jambo jema walilolifanya ni lile la kwanza, la kuketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walipofumbua vinywa wakaharibu, wakawa wanamtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri na kumtia makosani mgonjwa aliyejaa majipu. Na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu iliwaka juu ya Elifazi na wenziwe wawili hao, na Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura hata akailaani siku ya kuzaliwa kwake, ndiye aliyehesabiwa kuwa amenena yaliyo sawa. Kila nisomapo hapo hustaajabu jinsi tulivyo wepesi wa kurithi hotuba za Elifazi, na wazito wa kurithi kimya chake.

Nawe uliyefikwa, usijilazimishe wimbo. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na huishia gizani, wala haina mstari wa furaha wa kuifungia, na hata hivyo haikutolewa katika Maandiko. Yakobo katika waraka wake aliwatenga watu wa namna mbili, akamwambia aliye katika taabu aombe, na aliye na moyo mkunjufu ndiye aimbe. Omba basi, na kama maombi yako ni manung'uniko, yapeleke yalivyo, kwa maana mtu hamlalamikii asiyemtumaini. Ninalolihofia kwako ni kimya cha mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba hakuna amsikiaye, kilio sikihofii. Nguvu ya kusifu aghalabu huja baadaye, tena kwa njia ya kazi iliyo mbele ya mtu.

Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na Rosine mkewe, na mwezi wa Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ikawaangusha wote wawili. Rosine, aliyekuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike, akafariki, na yule mchanga akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf hakuficha katika maandishi yake kwamba alilia kwa siku nyingi. Kisha akawaandikia wakubwa wake wa London kwamba sasa liko kaburi la mmoja wa watu wao katika pwani hii, na kwamba kaburi hilo ni alama kuwa kazi imeanza. Lau maneno hayohayo yangalitoka London, kwa mtu aliyeketi salama kitini pake, yakamfikia Krapf angali na homa, yangalikuwa ukatili mtupu. Yalipotoka kwake yeye yalikuwa sifa. Akarudi kwenye karatasi zake, na sarufi yake ya Kiswahili ikapigwa chapa mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, yeye amekwisha kufariki.

Iko nasaha nyingine ambayo wahubiri wengi huipita mbiombio. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane katika gereza la Filipi, migongo yao imechanwa kwa fimbo na miguu yao imo katika mkatale, na habari hiyo tunaipenda sana. Lakini kulipokucha, mahakimu walipotuma watu kuwafungua kimyakimya, Paulo alikataa kutoka: walikuwa wamewapiga mbele ya watu pasipo hukumu, nao ni raia wa Rumi, basi na waje wenyewe kuwatoa. Wakaja, wakawasihi. Kinywa kilichosifu usiku kilidai haki asubuhi, na sioni kwamba jambo moja lililitia doa la pili. Kwa hiyo mwanamke apigwaye na mumewe, na kibarua aliyedhulumiwa ujira wake, wasiambiwe kwamba wimbo unatosha. Na amwambiaye hivyo ajiulize anamtumikia nani.

Usiku uleule mlinzi wa gereza, kabla ya kubatizwa, aliwaosha wafungwa wake majeraha. Nawe uendapo kwa mgonjwa au mfiwa, fanya lililo karibu na hilo. Sema makiwa, keti, usiulize ulize. Kama mtungi ni mtupu, teka maji. Kama watoto hawajala, wapikie. Mwenye msiba akianzisha wimbo, mfuate kwa sauti aliyoishika yeye, hata ikiwa ya chini na ya kukatika. Asipoanzisha, usianzishe wewe. Ukisha kwenda zako, rudi tena baada ya matanga kuondolewa, wakati mikeka ya kuazima imekwisha kurudishwa kwa wenyewe na watu wametawanyika.